Homa ya Luberizi

Kila asubuhi ya kazi Apolline aliwasha phonie, akangoja ipate moto, kisha akaanza kuita Shabunda kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi aliyepotea tangu jana. Ila hapo ofisini Bukavu hakuwa Apolline. Tangu Kinshasa iamue kwamba majina ya ubatizo ni aibu ya taifa, kazini alikuwa citoyenne, yaani mwananchi, Nsimire, na mumewe, aliyetunza depot, ghala la kampuni huko Shabunda msituni, alikuwa citoyen Murhula. Nyumbani kwao Kadutu walibaki Apolline na Barthélemy, vilevile kama padri alivyowamwagia maji. Siku hizo kila mtu Bukavu alikuwa na jina la kuvaa na jina la kulalia, na ole wake aliyetoka nje na lile la kulalia.

Phonie, kwa asiyeijua, ni redio ya kusemea: sanduku, kipaza sauti, na betri ya gari chini ya meza. Shabunda hakukuwa na simu, na barabara ilikuwa imemezwa na msitu. Ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikia. Mwenzako akishika kitufe chake huna njia ya kumkatiza, hata kama anaropoka, mpaka mwenyewe aseme "à vous", zamu yako. Na kila mwenye sanduku kama hilo, kuanzia mapadri mpaka wanunuzi wa kahawa, anaweza kukaa kwake akasikiliza mambo yako bure. Mume akimwambia mkewe nimekukumbuka, Kivu nzima imekumbukwa.

Hayo ya Kivu nzima Apolline angeyavumilia. Aliyemchosha alikuwa mtu mmoja, ng'ambo ya ukuta.

Kampuni ilikuwa ya Mbelgiji. Serikali ikasema mali irudi kwa wananchi, na mwananchi aliyerudishiwa akaishi Kinshasa, akamweka citoyen Cirhuza awe gérant, msimamizi wake. Cirhuza alianza na barua. Sanduku la posta lilikuwa la kampuni, na kwa kuwa wafanyakazi hawakuwa na anwani nyingine duniani, barua zao zote zilipitia mezani kwake na kutoka zimepasuliwa. Akafuata droo za meza, akachukua funguo zote. Mwisho akaja fundi, akatoboa ukuta, akapitisha waya kutoka kwenye phonie hadi kwenye spika ndogo iliyokaa kando ya birika la gérant. Tangu siku hiyo, kila kilichoingia sikioni mwa Apolline kiliingia na kwa Cirhuza, pamoja na chai yake.

Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Angalau mtu wa kelele unamjua. Cirhuza alitoa ushauri. Mazungumzo ya kazi yakiisha aliwaachia wafanyakazi muda mfupi wa habari za nyumbani, halafu anatokea mlangoni na kikombe chake mkononi. "Citoyenne, bwana yako iko na mafua. Umutumie asali." Au: "Usimusumbue na mambo ya kodi ya nyumba, atakosa usingizi, na mutu wa depot lazima alale." Apolline alijibu merci, citoyen gérant, na moyoni alijisikia kama aliyevuliwa nguo njia ya soko. Kuta zina masikio, sawa, hilo hata watoto wanalijua. Ukuta huu ulikuwa na mdomo pia.

Ulikuwa mwaka wa nne wa kuishi hivyo, mume msituni na mke mjini, wakionana Noeli kwa Noeli.

Ndipo akatokea Grégoire, katibu wa koperative, ushirika wa wakulima wa mpunga wa Luberizi bondeni, mtu mpole aliyekuja ofisini kuagiza magunia. Alimnong'oneza Apolline pale mlangoni: koperative inatafuta mtunza depot, na nyumba ipo, na mke akijua kupiga mashine ya kuandika hatakosa kazi. Apolline alishuka Luberizi siku yake ya mapumziko, akaiona nyumba hiyo. Ilikuwa na joto, ilikuwa na popo darini, na alitamani kuingia aifunge kwa ndani asitoke tena. Tangu hapo hakutaka kitu kingine: mume wake, yeye, na mama mkwe wake chini ya bati moja, na wakisema jambo lisisikike na mtu.

Lakini Cirhuza akijua mapema, kila kitu kimekwisha. Angembana Barthélemy huko huko msituni. Kwa hiyo Noeli hiyo, mume alipokuja, walikaa jikoni wakatafuta maneno ya kupitisha mbele ya spika.

Aliyeyapata ni mama yake Barthélemy, Maman Bibiane, mwanamke mwembamba, mcheshi, aliyekuwa akichambua majani ya sombe huku akiwasikiliza wasomi wakihangaika.

"Mutumie mie," alisema. "Niko muzee. Muzee akigonjwa, nani atashangaa? Mambo ikienda muzuri, museme nina homa imepanda. Ikikwama, museme homa imeshuka. Bakikubali lakini bado signature, museme nimelazwa."

"Na siku wananipa kazi kabisa?" Barthélemy aliuliza.

"Siku hiyo muniue. Ndege ya kampuni, si banatoaka juu ya matanga tu? Basi, unakuja kunizika. Unafika, unanikuta nakula."

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kweli ndivyo ilivyokuwa: nje ya likizo ya mwaka, kampuni ilimpa mtu nafasi katika ndege ndogo ya mizigo kwa msiba tu. Ugonjwa wa mama haukutosha. Mama lazima afe. Apolline peke yake aliona baridi kidogo, akasema si vizuri kumwitia mtu kifo. Maman Bibiane akamwambia kifo kina anwani yake tayari, hakingoji phonie.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Juu ya anayetangaza maradhi yasiyokuwapo walinyamaza. Nadhani walidhani hakuna mjinga wa namna hiyo.

Basi miezi ikapita na homa ikapanda na kushuka. Grégoire akija kuchukua magunia, Apolline alimtazama machoni, na kesho yake Shabunda ilipata habari. Koperative imependezwa: maman ana homa. Mkuu wa koperative amesafiri: homa imeshuka. Baada ya Pasaka Grégoire alianza kusema neno moja tu, "Ngojeni kidogo, banangoja jibu moja," na macho yake yakawa hayakai. Apolline alihesabu kwamba jibu moja si kitu, akasema homa ipo, si kubwa. Naye Cirhuza akawa daktari. Alishauri limao, alishauri kwinini, na mara moja alituma kopo la maziwa ya unga kwa ajili ya mgonjwa. Apolline alilibeba hadi Kadutu akiwa na aibu ya kutosha watu wawili. Mgonjwa alilifungua palepale. "Maziwa haina kosa," alisema, akajipikia uji.

Hivyo ndivyo uchovu unavyoingia. Si kazi inayomchosha mtu. Ni kila neno kulipima kabla halijatoka, hata neno mama.

Mvua kubwa zilipoanza, Maman Bibiane akaugua.

Kwanza kikohozi, akasema ni moshi. Halafu kichomi, akasema ni uzee. Siku aliposhindwa kuinua kikombe hakusema kitu, na Apolline akawaita vijana wa jirani wambebe kwa machela hadi hospitali, mteremko wa Kadutu ukiwa matope matupu. Daktari alisikiliza kifua mbele na nyuma. Akauliza kama mgonjwa ana watoto. Mmoja, Apolline akasema, iko Shabunda. "Aitwe," daktari akasema, akahamia kitanda kingine.

Asubuhi Apolline alikwenda kazini na nguo za jana. Aliita Shabunda. Ilimbidi kwanza kumaliza habari za chumvi, za sabuni, za mapipa ya mawese yaliyovuja. Sauti ya Barthélemy ilikuja na kukatika, nzima, ya mtu aliyelala vizuri. Hatimaye kazi ikaisha, ukafika muda wa habari za nyumbani. Ng'ambo ya ukuta kijiko kilikuwa kikikoroga chai.

"Maman iko mugonjwa," Apolline alisema. "Amelazwa. Iko mubaya. À vous."

"Amelazwa?" Sauti ilipanda kwa furaha mpaka spika ikakwaruza. "Kweli amelazwa? Ah, Mungu iko! Nilijua tu! Basi sasa tuko nangoja tu akufe. Asikawie! Niko nasali kila siku akufe mbio! À vous."

Kijiko kikaacha kukoroga.

Halafu ikaingia sauti nyingine katika mawimbi hayo, ya mzee fulani wa misheni fulani, Mungu ndiye anajua wapi: "Ee mutu wa Shabunda! Ni mama yako uko nasemea vile?" Barthélemy, naye kwa kuwa alidhani anajua zaidi ya wote, akacheka. Alicheka hewani, Kivu nzima ikisikiliza.

Apolline alikaa, kidole juu ya kitufe, bila kukibonyeza. Wakati huo ndipo alipoelewa walichokisahau jikoni, wote watatu, pamoja na kicheko chao. Waliipatia neno kila aina ya homa ya uongo, wakasahau kuibakizia neno homa ya kweli. Kila atakachosema sasa kitageuka njiani. Akisema hali ni mbaya, huko kitafika kwamba hali ni nzuri. Akilia, mume atasema, mke wangu anajua kuigiza.

Lilibaki neno moja la kumleta. Amekufa. Aseme tu maman amekufa, na Barthélemy atapanda ndege, na Cirhuza hatajua kitu, na Luberizi itabaki salama. Lilikuwa jepesi hivyo. Angelisema mwezi uliopita bila kukohoa. Lakini Maman Bibiane alikuwa kitandani akivuta pumzi moja moja kama anayeteka maji kisima kirefu, na kumtamkia kifo saa hiyo ilikuwa kumsukuma. Tena mwanawe angekuja akicheza. Angeingia wodini na kicheko hicho hicho.

Akabonyeza.

"Barthélemy," alisema.

Jina hilo hewani lilikuwa kosa la kuitwa mbele ya chama tawala. Aliendelea.

"Ni mie, Apolline. Hapana Nsimire, Apolline. Acha ile mambo ya homa. Ile ya Luberizi uweke pembeni. Nasema juu ya Bibiane, mama yako, ule alikuzala. Iko hospitali, kifua imefunga. Hayakufa bado. Unasikia? Hayakufa, lakini docteur anasema uitwe. Kila mulango ikifunguka anageuza macho, anazania ni weye. Kuja. À vous."

Huko Shabunda kitufe kilibonyezwa, kikaachiwa, kikabonyezwa tena.

"Apolline," mume wake alisema, sauti imekuwa ndogo. "Nimesema nini, weye? Nimesema nini?" Akasahau hata kusema à vous.

Cirhuza alikuwa tayari mlangoni. Safari hii hakushika kikombe. Aliingia, akavuta kiti cha wageni, akaketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika chumba hicho.

"Ndege ya kesho itamuleta," alisema. "Nitawaambia bapunguze mapipa mawili ya mawese."

"Merci, citoyen gérant."

"Pole na maman."

"Merci."

Akangoja. Apolline alijua anangoja nini. Siku nyingine angetunga kitu, lakini alikuwa hajalala, na uongo nao unataka mtu aliyelala.

"Luberizi ni kazi," alisema. "Kazi ya depot, ya koperative ya mupunga. Tulikuwa tunaomba. Homa ilikuwa ile."

"Najua."

Apolline akamtazama.

"Tangu Pasaka," Cirhuza alisema. "Mukubwa wa koperative aliniuliza juu ya bwana yako. Mutu akiomba kazi, si banaulizaka patron wake? Ile jibu moja yenye munangojaka, ni ya kwangu. Nilisha kuitoa zamani."

"Ulisema nini?"

"Nilisema ni mwizi."

Alilisema bila hasira, kama anavyosema asali kwa mafua.

"Bwana yangu hayaiba hata musumari."

"Hata mumoja," Cirhuza alikubali. "Chumvi yote ya msituni iko mikononi yake na hakupotea kilo. Ningesema kweli, bangemutwaa kesho yake. Mie nitatoa wapi mutu mwingine kama ule? Banaiba wote, citoyenne. Hata mie unijue." Akainuka, akarudisha kiti mahali pake. "Simufukuzi. Akae na mama yake ile siku zote inaomba. Kisha arudi Shabunda."

"Na maziwa?" Apolline aliuliza. Hata yeye hakujua kwa nini aliuliza hilo kati ya yote.

"Maziwa ilikuwa ya muzee. Nilisikia ni mugonjwa." Alisita kidogo mlangoni. "Sikusikia vibaya sana, hein."

Akaenda zake. Hasira ilimjia Apolline kwa kuchelewa, ikamkuta hana nguvu, ikakaa pembeni. Alifikiria miezi yote hiyo tangu Pasaka, imepanda, imeshuka, imepanda kidogo, habari za mgonjwa aliyekwisha kuzikwa, na mzikaji amekaa ng'ambo ya ukuta anashauri limao. Alifikiria Grégoire na macho yake yasiyokaa. Mtu mpole, ndiyo. Upole wake ulikuwa umemnyima ujasiri wa sentensi moja. Kisha akashika kitufe tena, kwa maana kulikuwa na watu wengine wa kampuni waliokuwa wanaita.

Barthélemy alifika kesho yake alasiri, ana harufu ya mawese na viatu vya matope ya msituni. Apolline alimwambia yote kwenye varanda ya hospitali, kwa maneno ya kawaida, ya wazi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Noeli kumwambia mumewe jambo bila kulivika nguo. Alipofika kwenye neno mwizi, Barthélemy aliegemea nguzo. Hakutukana. Aliuliza tu kama basi hakuna Luberizi tena, na Apolline akasema hakuna, tangu Pasaka haikuwako. Wakaingia ndani.

Maman Bibiane alikuwa amefumba macho. Mlango uliposikika aliyafumbua, akageuza kichwa, akamwona mwanawe amesimama Bukavu, kabla mwaka haujaisha, siku isiyo ya Noeli. Apolline aliona akili ya mzee ikitembea polepole, ikitafuta ni neno gani linaloweza kumtoa mtu huyu Shabunda, na likiwa ni moja tu.

"Mumesha kuniua?" aliuliza, na uso wake wote ukafunguka.

Barthélemy akamgeukia mkewe. Mkewe akatazama chini.

"Ndiyo, maman," Barthélemy alisema. Akapiga magoti kando ya kitanda. "Tumesha kukuua. Banakubali."

"Na nyumba?"

"Na nyumba."

"Iko namna gani?" Hapo alimuuliza Apolline, aliyeiona kwa macho.

Apolline alikuwa amechoka na uongo kupita mtu yeyote katika mji ule. Alikaribia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mguu juu ya blanketi, akasema nyumba iko na bati mupya, iko na milango mbili, na chumba ya maman iko ile ya upande wa asubuhi. Kuhusu popo alinyamaza. Akasema na mto uko karibu, na mchele ni wa bure kwa watu wa depot. Barthélemy alisikiliza kama mtu anayesimuliwa nyumba yake.

"Basi mufunge vitu," Maman Bibiane alisema, akikatisha kila neno na pumzi. "Leo. Kabla ule mukubwa hayabadilisha kichwa. Na ile sufuria yangu kubwa, musiachie jirani. Ataomba. Musimupe."

"Tutafunga kesho, maman."

"Leo. Nione."

Walitazamana tena. Apolline akainuka. Alipanda Kadutu peke yake katika mvua nyembamba, akatandika kitenge sakafuni, akapanga sufuria kubwa, ndogo ndani yake, miiko, sahani za bati, akafunga fundo mara mbili kama mtu anayekwenda mbali kweli. Alijitwika mzigo, akateremka mteremko ule ule, akaingia nao wodini na kuuweka miguuni pa kitanda, mahali mgonjwa angeuona bila kuinua kichwa.

Mama mmoja wa kitanda cha jirani, aliyekuwa akimpepea mtoto wake, akautazama mzigo.

"Munahama?" aliuliza.

"Ndiyo," Apolline akasema. "Tunahama."